Mlima wa Jumamosi

Barua ilifika mwezi wa kwanza, siku ambayo hata sanduku la posta lilikuwa limeganda, na Lempi Harjula akalazimika kulipiga makofi mawili ndipo likubali kufunguka. Ndani kulikuwa na bahasha moja tu. Kampuni ya umeme ya pale Duluth, mji wa baridi kaskazini mwa Marekani, ilikuwa na tabia ya mawifi: kila mwezi ilikuandikia kukueleza majirani zako wanavyokushinda. Haikutaja majina. Ilichora tu vijiti vitatu. Kifupi, cha kijani, kilikuwa cha jirani anayetumia umeme kwa akili. Cha kati kilikuwa cha watu wa kawaida, wenye dhambi za kawaida. Kirefu, chekundu, kilichokaribia kutoka nje ya karatasi, kilikuwa cha Lempi. Kando yake palikuwa na nafasi ya kuchorewa kichwa kinachocheka, tuzo ya asiyepoteza umeme. Nafasi ilikuwa tupu.

"Hata kununa hawajaninunia," alisema Lempi, akaibandika barua mezani kwa kikombe cha kahawa.

Mlango wa jikoni ulifunguka bila hodi. Aliyeingia alikuwa Marlys Thorson, jirani yake wa miaka thelathini na nane, Mnorwei mnene mwenye mashavu mekundu, na mkononi ameshika barua yake mwenyewe kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Viwili!" Marlys alitangaza. "Vichwa viwili vinacheka! Hebu nione chako."

"Changu kimekwenda kuoga."

"Lete hapa, shoga." Marlys aliinua kikombe, akasoma, akapiga mluzi. "Ee Mungu wangu. Kwani humu ndani unachomelea meli?"

"Wewe ungeona aibu kidogo," Lempi alimjibu huku akimmiminia kahawa. "Kahawa unanywa hapa. Joto unaota hapa. Mkate unaokwa hapa, unaliwa na wewe. Kwako unakwenda kulala tu, na taa umezima. Kati ya hivyo vichwa viwili, kimoja ni changu."

"Huo ndio ujirani mwema," alisema Marlys, akavuta sahani ya mkate wa iliki.

Lempi alicheka, ila macho yake yalikuwa bado kwenye kile kijiti chekundu. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na hajawahi kuwa wa mwisho darasani. Isitoshe alikijua kisababishi. Kilikuwa chini ya sakafu aliyokanyaga, ndani ya chumba kidogo cha mbao alichokijenga marehemu mumewe, Reino: benchi mbili, jiko la umeme lililobebeshwa mawe, ndoo, na kata ya kumwagia maji mawe yakishapata moto. Kila Jumamosi saa tisa alasiri Lempi, Mfini kwa asili, alishuka ngazi na kuiwasha sauna hiyo, bafu la joto la kwao. Kila Jumamosi saa moja usiku aliizima. Daktari alikuwa amemkataza kukaa humo zaidi ya dakika tano, kwa sababu ya moyo. Marlys naye alikuwa akioga robo saa, anatoka mwekundu kama kamba wa kuchemsha, anakwenda zake. Saa zilizobaki jiko lilikuwa likimpasha joto mtu ambaye hayupo.

Mtu huyo alikuwa Eero, mwanawe wa pekee, na alikuwa Phoenix, kusini huko kwenye jangwa, akitengeneza viyoyozi.

Miaka minne iliyopita alikuja kumzika baba yake. Akakaa siku sita. Akatengeneza bomba, akabadilisha kitasa, akahamishia akaunti ya umeme kwenye kompyuta yake ili mama asihangaike na namba za siri. Siku ya kuondoka, masanduku yakiwa tayari ukumbini, akasema, "Mama, uza nyumba, twende wote." Lempi akajibu, "Mimi si mjusi." Maneno mengine yakafuata, ya baridi ile ile, hadi teksi ikapiga honi. Basi, pale barazani, theluji ikiwaangukia mabegani, Lempi akasema jambo ambalo alitaka libebe kila kitu.

"Jumamosi sauna itakuwa moto."

"Sawa," alisema Eero, akapanda gari.

Ni lazima uwajue hawa Wafini wa kilimani ili uelewe kwamba hapo palikuwa pamesemwa mengi mno. Kumwambia mtu kwamba unampenda ni kazi waliyowaachia watu wa kwenye televisheni. Mtu akikuambia sauna itakuwa moto, amekupa alichonacho chote, na sasa anaona haya. Kuanzia siku hiyo Eero alipiga simu mara mbili kwa mwaka, Krismasi na siku ya akina mama. "Theluji?" aliuliza. "Ipo," alijibu Lempi. "Na huko, joto?" "Lipo." Kisha walisikilizana wakipumua kwa muda, kwa heshima, halafu wakaagana. Na kila Jumamosi Lempi aliiwasha sauna, maana alikuwa amesema itakuwa moto na hakutaja Jumamosi gani.

Marlys ndiye aliyemwita mpimaji kutoka kampuni ya umeme. "Ni bure," alisema. "Anakuja na feni, anakuonyesha joto la nyumba linavujia wapi."

Mpimaji alikuja Jumatano. Jina lake Gus Paquette, jitu la mtu, ndevu mpaka kifuani, na viatu alivua mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompatia kahawa papo hapo. Akauziba mlango wa mbele kwa turubai jekundu, akapachika feni katikati, akaiwasha ivute hewa kutoka ndani kwenda nje. Nyumba yenye matundu, alieleza, hapo huanza kupiga miluzi kila kona, na upepo wa nje unaingia kwa fujo kama wageni wa harusi. Akasimama kusikiliza. Akapita kila chumba na kimkebe chake cha moshi, akitazama moshi utapeperuka wapi.

Moshi haukupeperuka.

"Mama," alisema Gus akishuka kutoka darini na kitambi chake kikipangusa kuta zote mbili, "nyumba za zamani kama hii hapa mjini nimezipima mia tatu na kitu. Zote ni vichujio. Hii haina tundu la kutolea hata chafya. Nani aliyeiziba?"

"Mume wangu. Alikuwa hapendi upepo."

"Alizibia nini?"

"Chochote. Magazeti. Soksi. Fulana zangu mbili za sufu ambazo sijamsamehe."

Mahali pamoja tu, kwenye chumba cha juu kilichokuwa cha Eero, moshi ulitikisika kidogo karibu na dirisha. Gus akapiga magoti, akaingiza koleo kwenye ufa wa fremu, akavuta. Likatoka polepole, kama mnyama asiyetaka kuamshwa: shati la buluu la mpira wa magongo barafuni, la mtoto wa miaka kumi au kumi na moja, lenye namba saba mgongoni, limekakamaa kwa vumbi.

"Hili limechoka," alisema Gus. "Nina povu kwenye gari, nikipuliza dakika moja tu—"

"Lirudishe."

"Povu ni zuri zaidi, mama."

"Sijasema ni baya. Lirudishe."

Gus alimwangalia, akakunja shati kwa uangalifu ambao usingeutarajia kwenye vidole vile, akalisukuma mahali pake. Mle chumbani mlikuwa na kitanda kilichotandikwa. Mashuka yalikuwa yanabadilishwa kila mwezi. Gus aliona, akashuka ngazi.

Chini, mezani, aliifungua kompyuta yake ndogo. "Sasa, kama nyumba haivuji, umeme unakwenda wapi? Tazama. Huu ndio mchoro wa saa zote za mwezi. Jumatatu, bonde. Jumanne, bonde. Taa, friji, kahawa — kahawa nyingi, lakini sitahukumu. Halafu angalia hapa."

Lempi alivaa miwani. Katikati ya uwanda ule palikuwa pamesimama mlima mrefu, wenye kuta za wima. Baada ya siku saba, mwingine. Kisha mwingine.

"Kila Jumamosi, saa tisa," alisema Gus. "Mlima mmoja kama huu ungeendesha friji yako karibu mwezi mzima. Ni sauna, siyo?"

"Ni sauna."

"Mnaoga watu wangapi?"

Marlys, aliyekuwa amefika mapema kuja kumsaidia Gus kula, alijibu yeye. "Mimi robo saa. Yeye dakika tano, na mlango wazi."

"Na jiko linawaka kwa muda wa saa nne." Gus alikuna ndevu zake. "Ukiliwasha kwa saa moja tu, mama, unapata kichwa kinachocheka. Ukiliacha kabisa, unampiku jirani yako huyu."

"Asimpiku mtu," alisema Marlys, kisha akamgeukia rafiki yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na mzaha. "Lempi. Anajua njia. Angetaka kuja angekuja."

Lempi aliifunga kompyuta ya watu bila ruhusa. "Mkate umebaki," alisema. "Kula, Gus."

Jumamosi iliyofuata saa tisa ilimkuta jikoni. Mwili wake ulisimama wenyewe, ukafika ngazi ya kwanza, akaurudisha kwa nguvu na kuukalisha kitini. Alishona kifungo. Akakishonoa, maana alikuwa amekishona kwenye upande usiofaa. Marlys alikuja na taulo begani, akauona uso wa mwenzake, akalificha taulo nyuma ya mgongo kama mtu aliyeshikwa ameiba.

"Umefanya vizuri," alisema Marlys.

"Nyamaza unywe kahawa."

Nyumba isiyo na sauna siku ya Jumamosi ilikuwa na harufu ngeni, yaani haikuwa na harufu. Mbao za mierezi hazikunukia. Mawe hayakulia. Nje theluji iliteleza kilimani kwa upepo wa ziwani, na Lempi akagundua kwamba kwa miaka minne, kila Jumamosi, sikio lake moja lilikuwa limekaa barazani. Sasa alilirudisha ndani. Hakujua alifanyie nini.

Jumamosi ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na hilo ndilo lililomtisha. Alikwenda kuondoa mashuka kwenye kitanda cha juu. Akayavua nusu. Akakaa kwenye godoro upande uliobaki wazi, akitazama dirisha ambamo baba na mtoto, mwaka fulani wa baridi kali, walishinda kutwa nzima wakisukuma matambara kwa bisibisi na kucheka mambo yao. Halafu akaondoka, kitanda akakiacha hivyo hivyo, nusu kimevaa.

Jumapili asubuhi saa moja, mtu alipiga mlango wa mbele kana kwamba nyumba inaungua. Lempi alifungua. Ni Marlys, koti la kanisani juu ya gauni la kulalia, buti za marehemu mumewe miguuni, nywele zimesimama kila moja na njia yake. Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa amepiga hodi.

"Umekufa?" aliuliza Marlys akihema.

"Bado. Nilikuwa napika uji."

"Vua miwani nikuone macho. Unaona mara mbili? Mkono wa kushoto unauinua?" Marlys aliuinua mwenyewe, akauangusha, akauinua tena. "Haya. Basi mpigie mwanao, kabla hajawaita polisi, wazimamoto na mchungaji. Ameniamsha! Saa kumi na mbili na nusu, mimi najua ni simu ya msiba!"

"Eero amekupigia wewe?"

"Mimi! Ati nikuangalie. Nikamwambia, wewe mtoto, mama unaye, namba unayo, kwa nini unipigie mimi? Akanyamaza. Unajua mlivyo. Nilidhani laini imekatika."

Simu ya ukutani ikalia. Wote wawili wakaiangalia. Marlys akampisha, akakaa mezani, akajikatia mkate ili apate kisingizio cha kubaki.

"Haloo," alisema Lempi.

"Haloo."

Walisikilizana wakipumua.

"Uko hai," alisema Eero.

"Marlys amenikagua. Nimefaulu."

"Jiko la sauna limeharibika?"

"Halijaharibika."

"Umeme ulikatika?"

"Haukukatika."

"Basi ni nini? Jumamosi mbili hakuna mlima."

Lempi alivuta kiti kwa mguu, akakaa. "Mlima gani?"

"Kwenye kompyuta. Kwenye akaunti." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekiri kuiba sukari. "Yale ya Jumamosi wanayaonyesha Jumapili asubuhi. Nikiamka naangalia. Saa tisa unapanda, saa moja unashuka. Nikishauona, nakwenda kunywa chai."

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi huku." Akakohoa. "Mwaka juzi mwezi wa kumi ulichelewa dakika arobaini."

"Tulikuwa kwenye mazishi ya Hilja wa kanisani."

"Nilijua kuna jambo."

"Na simu je, Eero? Simu huna?"

"Ninayo." "Kwenye simu unaniambia theluji ipo."

"Na wewe joto lipo."

"Mlima ulikuwa unasema zaidi."

Mezani, Marlys alikuwa ameacha kutafuna. Lempi alimpa mgongo, akazungushia waya wa simu kidoleni. Alitaka kusema kuhusu barua na vijiti na vichwa vinavyocheka, na alianza kweli, akafika kwa Gus na feni yake, akaona anapotea njia kwa makusudi. Akaishia kusema kwamba daktari hamruhusu kukaa humo zaidi ya dakika tano.

"Tangu lini?" aliuliza Eero.

"Mwaka juzi."

"Mbona mlima ulikuwa wa saa nne nzima?"

Lempi aliuzungusha waya mara nyingine.

"Mama. Ulikuwa unamwashia nani?"

Uji ulichemka ukafurika jikoni, ukachomeka, na hakuna aliyeinuka, hata Marlys ambaye asingeuacha uji wa mtu upotee.

"Nilikuambia itakuwa moto," alisema Lempi.

Aliisikia pumzi ya mwanawe ikijikwaa mahali. Eero alipozungumza tena alizungumza haraka kuliko Lempi alivyowahi kumsikia tangu utoto wake. "Jumamosi saa nane huku, ambayo kwako ni saa tisa, ninaliegesha gari la kazi juani. Nazima kiyoyozi. Nafunga vioo. Nakaa. Wenzangu wanasema nimeharibikiwa. Fundi wa viyoyozi, anajifungia kwenye joto."

"Bila maji?"

"Nina chupa."

"Unamwagia wapi, na mawe huna?"

"Najimwagia kichwani."

"Hiyo siyo sauna," alisema Lempi, na sauti ikamgeuka, akalazimika kufunika simu kwa kiganja. Alipoifunua alisema, "Hiyo ni kuvuja."

Eero alicheka. Kicheko kilikuwa cha Reino, kifupi, cha puani, na Lempi alikishikilia sikioni kwa mikono miwili.

"Shati lako la namba saba bado lipo dirishani," alisema.

"Lile nililisukuma mimi. Baba alishika tochi."

"Mpimaji alitaka kuweka povu."

"Usimruhusu."

"Sikumruhusu."

Lempi alihisi yale maneno ya barazani yanapanda tena, yale yale, hana mengine, hakufundishwa mengine. Safari hii aliona haya zaidi, kwa kuwa sasa alijua kwamba mara ya kwanza yalisikika.

"Jumamosi," alisema, "sauna itakuwa moto."

"Ipi?" aliuliza Eero.

Alikuwa amelingoja swali hilo miaka minne na hakuwa amejiandaa kulijibu. Aliitazama kalenda ya kanisa ukutani, miraba yake yote, akaona ni midogo mno. "Chagua mwenyewe," alisema.

"Lazima niwaulize kazini. Kuanzia mwezi wa nne joto linaanza huku, hawaniachii." Akasita. "Nitaangalia."

"Angalia."

"Haya, Mama."

"Haya."

Simu ikakatika. Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja. Lempi aliirudisha simu ukutani, akanyoosha waya uliojikunja, akaifuta kwa aproni bila sababu.

"Nitaangalia!" Marlys alilipuka. "Ndiyo nini hiyo? Kwetu mtu akisema ataangalia, ina maana hapana! Kwenu ina maana gani? Lempi! Unakwenda wapi?"

Lempi alikuwa ameshafika ngazi ya chini. Sauti ya swichi nzito ilisikika, kisha mlio mdogo wa nyaya zinazoanza kupata moto.

"Leo Jumapili!" Marlys alipiga kelele kutoka juu. "Sauna ya Jumapili asubuhi! Baba yako angefufuka! Na kanisani je?"

"Nisalimie mchungaji."

"Na kichwa chako kinachocheka?"

"Nitakiazima kimoja chako."

Alikaa dakika tano kwenye benchi la chini, mlango wazi, na nguo zake mwilini, kama alivyoagizwa na daktari, kisha akahamia kwenye ngazi karibu na swichi. Mawe yakaanza kulia moja moja. Harufu ya mierezi ikarudi kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekuwa amefukuzwa. Alihesabu kwa vidole: leo Jumapili, kesho asubuhi Eero ataamka, ataifungua kompyuta, na mahali ambapo hapajawahi kuwa na kitu atakuta mlima. Atakaa na chai yake ajiulize mama anamaanisha nini. Na aulize. Simu anayo.

Baada ya saa moja alinyoosha mkono akazima. Akapanda ngazi tatu. Kisha akafikiri kwamba mlima mfupi hivyo, kwa mtu aliye mbali, unaweza kueleweka vibaya, akashuka, akawasha tena.